Kiswahili cha Mezani

Mwanachuo anaweza kuikariri kwa dakika chache tofauti iliyopo kati ya kitenzi cha amri na kitenzi cha dhamira tegemezi. Vitenzi vyenye asili ya Kibantu vinavyoishia kwa irabu "a" huibadilisha kuwa "e", na kiambishi cha nafsi hutangulia mzizi: "kaa" huwa "ukae", "pumzika" huwa "upumzike". Vitenzi vya mkopo kama "subiri" na "samehe" havibadiliki mwishoni. Kiambishi peke yake ndicho kinachobainisha. Kanuni ni fupi. Uzito wake nimeuona Koboko, katika nyumba ya wageni ya mzee mmoja ambaye hulala kwake kila niendapo kuwakagua wanachuo walio katika mazoezi ya kufundisha.

Koboko ni mji wa mpakani, kaskazini mwa Arua. Ukiendelea na barabara utafika Oraba, na ng'ambo yake ni Sudan Kusini. Upande wa magharibi ni Kongo. Kwa hiyo meza moja ya mzee huyu hukaliwa na Mkakwa, Mlugbara, mfanyabiashara wa Ariwara aliyezoea Kilingala, na dereva aliyetoka Juba na Kiarabu cha kwao. Kiswahili ndicho kinachowakutanisha, kila mmoja akikisema kwa lafudhi yake.

Mwenyeji wetu anapenda mambo matatu wala hayafichi: chakula kizuri, safari na sanaa. Chakula hukila pamoja na wageni wake. Huwaandalia enyasa, ugali wa unga wa muhogo uliochanganywa na nafaka, pamoja na angara, samaki waliokaushwa, au osubi, yaani majani ya kunde, yaliyoungwa kwa ufuta uliosagwa. Mgeni asipojua namna ya kulimega tonge, yeye humwonyesha bila kumcheka. Ukutani ametundika adungu, kinubi chenye shingo iliyopinda kama upinde, na jioni nyingine vijana huja kukipiga uani. Wasipokuja, hufungulia rumba ya Kongo, muziki alioupenda akiwa mkimbizi kijana huko.

Kila mwaka huwaachia wanawe nyumba kwa juma moja, akasafiri. Amekwisha kuketi katika Jumba la Taifa la Michezo ya Kuigiza mjini Kampala, lililofunguliwa mwaka 1959, na amekula mishkaki usiku katika bustani ya Forodhani, Zanzibar. Nilipomwuliza alirudi na nini kutoka pwani, hakutaja kanzu wala karafuu.

"Mwalimu," alinijibu, "nilirudi na neno. Yule muuza mishkaki hakuniambia 'nunua'. Aliniambia, 'Karibu, mzee wangu, ule.' Mimi nilikuwa sijawahi kukisikia Kiswahili kikimbembeleza mtu."

Msomaji asiyeijua West Nile huenda akaliona jibu hilo kuwa la mzaha. Katika eneo hili Kiswahili kilikuja kwa buti. Vijana wengi wa hapa waliandikishwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles, na humo lugha ya gwaride na amri ilikuwa Kiswahili. Mwezi wa Agosti 1973 serikali ya Idi Amin, aliyekuwa askari wa jeshi hilo, ilikitangaza kuwa lugha ya taifa. Amin alipinduliwa mwezi wa Aprili 1979, na kuanzia Oktoba 1980 vita vikawafukuza watu kwa maelfu kutoka Arua na Koboko, wakakimbilia Zaire na Sudan. Katika miaka yote hiyo raia wengi walikisikia Kiswahili hasa kwenye vizuizi vya barabarani: "Simama! Shuka! Ondoka!" Kwao lugha nzima ilikuwa na dhamira moja tu, nayo ni amri.

Jioni moja niliyashuhudia matokeo yake. Bibi mmoja mwenye umri mkubwa aliletwa na mjukuu wake wakiwa njiani kwenda hospitalini. Kijana wa mezani, akiwa na haraka lakini bila ubaya wowote, alivuta kiti akasema, "Kaa hapa!" Bibi hakukaa. Alisimama wima, mikono ikiwa ubavuni, macho yakitazama chini. Mwenyeji aliinuka mahali pake, akamsogelea, akasema taratibu, "Karibu, mama. Uketi, upumzike, kisha ule nasi." Bibi alimtazama kitambo, akaketi. Baadaye, kwa Kilugbara, alimwuliza mjukuu wake kama hicho nacho kilikuwa Kiswahili.

Swali hilo ninyi mtalikuta darasani. Mwezi wa Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi, na kuagiza kifundishwe katika shule za msingi na za sekondari kama somo la lazima. Mtapangiwa vijiji ambavyo mabibi kama huyu ndio wanaowalea wanafunzi wenu. Wataulizana nyumbani mtoto amejifunza nini leo, na neno la kwanza atakalolitamka mtoto huyo ndilo litakaloamua kama somo lenu litakaribishwa au litavumiliwa tu.

Kisarufi, amri haina kosa. Moto ukiwaka tutasema "Kimbieni!", na mtoto akishika waya wa umeme tutasema "Acha!" Amri pia ina maumbo yake ya pekee ambayo ni lazima yafundishwe: "njoo", "nenda", "lete". Hata hivyo, mwalimu anayeanza na kumaliza kipindi kwa "Simameni! Nyamazeni! Andikeni!" hufundisha nusu ya sarufi, tena ile nusu ambayo West Nile iliijua kabla hajazaliwa.

Neno "karibu" lenyewe lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya kwanza ni "jirani, si mbali". Tunapomkaribisha mtu, tunamwomba asogee. Basi mpitapo Koboko, mkae katika meza kama ile, mle, msikilize. Kisha mrudi darasani mkaifundishe irabu "e".