Jiografia Ilipoacha Kupima

Sisi tuliofundisha Jiografia Kidato cha Kwanza na cha Pili hapa Tanzania, tukikumbuka safari ya somo letu, kwa kawaida tunasimulia ushindi. Mitihani ya Cambridge ilipita. Mwaka 1971 nchi ikajitoa katika baraza la mitihani la Afrika Mashariki, na mwaka 1973 likaundwa Baraza la Mitihani la Taifa. Mkonge wa Tanga, kahawa ya Kilimanjaro na bonde la Rufiji vikapata heshima yao kitabuni. Ushindi huo ni wa kweli na siubezi hata kidogo. Lakini kuna badiliko jingine lililokuja polepole, bila waraka wala tangazo, na naamini ndilo lililoligusa somo kwa undani zaidi: mwanafunzi aliacha kupima. Kadiri nchi yake ilivyozidi kuonekana kitabuni, ndivyo alivyozidi kuisoma bila kuigusa.

Shule nyingi za zamani zilikuwa na kituo kidogo cha hali ya hewa pembeni mwa uwanja: kisanduku cheupe juu ya miguu mirefu, chenye vipimajoto ndani, na kipimamvua kilichochimbiwa ardhini, mdomo wake ukiwa kama sentimita 30 juu ya udongo ili matone yanayoruka yasiingie. Saa 3 asubuhi wanafunzi wa zamu walisoma na kuandika daftarini. Baada ya sera ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, takwimu hizo zilikuwa na kazi ya pili, kwa sababu shule ilikuwa na shamba, na shamba lilitaka kujua mvua imeanza kweli au imedanganya. Hapo ndipo namba ilipopata maana. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye mita za mraba 60, likinyeshewa milimita 20 usiku mmoja, limemwaga lita 1,200. Mtoto anayechota maji kisimani akiipiga hesabu hiyo mwenyewe, uvunaji wa maji ya mvua unakuwa jambo analoweza kumweleza baba yake jioni.

Ramani nayo ilipatwa na yaleyale. Ramani za Idara ya Upimaji na Ramani za uwiano wa 1:50,000, ambapo sentimita 2 ni kilomita 1 ya ardhi, bado zinatolewa kwenye mtihani wa Kidato cha Nne. Njia ya kuzijibu ndiyo iliyobadilika. Siku hizi mwanafunzi anaandaliwa kanuni za kukariri mapema: ukiona mito mingi, andika mvua ni nyingi, ukiona mkonge, andika eneo ni kame. Sasa chukua pwani ya Tanga, ambako mkonge ulifika mwaka 1893 na ukastawi kuliko popote nchini. Tanga hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka. Kanuni inayotoa alama inasema uongo kuhusu mahali penyewe mkonge ulipoanzia, na mtoto aliyewahi kupima mvua ya Muheza, mkoani Tanga, angeikataa palepale.

Wapo watakaosema nawaonea walimu, kwani wanafunzi wameongezeka mno. Ni kweli. Mpango wa maendeleo ya elimu ya sekondari ulioanza mwaka 2004 ulileta shule za kata, na wanafunzi waliokuwa 400,000 na ushee wakavuka milioni moja kabla ya muongo kwisha. Mwaka 2016 ada ikaondolewa. Hakuna mwenye akili timamu atakayetamani turudi enzi za wachache. Ila wingi unaeleza kwa nini kisanduku cheupe hakipo. Hauelezi kwa nini chupa ya maji ya plastiki haipo. Ikate shingo, igeuze shingo hiyo iwe faneli, tia kokoto kitakoni na maji mpaka pale chupa inaponyooka, bandika rula kuanzia hapo. Darasa la watoto 80 linaweza kuwa na chupa 8, na tofauti za majibu yao ni kipindi kizuri kuliko nukuu za ubaoni.

Pingamizi zito zaidi ni la lugha. Mtoto aliyesoma shule ya msingi kwa Kiswahili anaingia Kidato cha Kwanza na kukutana na Kiingereza, na mwalimu, akiona macho matupu mbele yake, anaandika nukuu ili walau kitu kibaki daftarini. Namwelewa mwalimu huyo. Lakini hiyo ndiyo hoja yangu ya kupima: rula haina Kiingereza. Kinachopimwa kinaeleweka kwanza, kisha neno la kigeni linapata pa kushika.

Na simu? Ramani ya simu inakufikisha nyumba unayoitafuta, nayo ni msaada mkubwa. Haikuambii kwamba kontua zikipinda kama herufi V kuelekea juu ya mlima, hapo pana mkondo, hata kama leo ni pakavu. Watu hununua viwanja kiangazi. Bonde la Msimbazi jijini Dar es Salaam limefurika mara nyingi, likiwemo furiko kubwa la Desemba 2011, na anayekwenda kuangalia kiwanja mwezi Agosti anahitaji jicho hilo kuliko jina la barabara.

Ninaloliomba ni dogo na linawezekana ndani ya vipindi vya dakika 40. Swali la ramani liambatane na jedwali la mvua ya miezi 12 ya eneo lilelile, na mwanafunzi aulizwe wapi pangefaa kujengwa zahanati, wapi pasijengwe, na kwa nini. Shule zitafundisha kinachoulizwa.