Kinga ya Kinywa Isiwe Udhuru

Ndugu Waislamu, sisi tukaao Moshi na katika miteremko ya Kilimanjaro tumezungukwa na maji. Mito ya Karanga na Weruweru yateremka kutoka mlimani, mifongo yapita kati ya migomba yetu, na vijana siku za sikukuu huenda kuogelea katika chemchemi za Kikuletwa. Maji hayo ni neema ya Mwenyezi Mungu. Lakini mtu huweza kuzama humo kwa kufumba na kufumbua.

Katika kuzungumza na vijana wetu baada ya sala, tumesikia udhuru wa namna mbili juu ya kumpulizia pumzi aliyezama. Mmoja huogopa maradhi. Mwingine huuliza: itakuwaje ikiwa aliyezama ni mwanamke asiye maharimu yake? Hatuwalaumu, kwani hofu na haya ni tabia za mwanadamu. Ila yatupasa kuwajibu, maana ubongo uliokosa hewa huanza kuharibika baada ya dakika chache tu.

Ama haya, wanazuoni wametufundisha kuwa dharura ina hukumu yake, na Suratul Maida, aya ya 32, imeitukuza mno kazi ya kuokoa nafsi moja.

Ama maradhi, hofu hiyo haikuzuka bure. Sisi ni majirani wa Kibong'oto, hospitali iliyoanzishwa mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu, maradhi yaenezwayo kwa hewa. Lakini hatari ya kuambukizwa kwa kupulizia pumzi ni ndogo, na njia ya kuipunguza ipo. Katika miaka ya 1950 madaktari James Elam na Peter Safar, huko Marekani, walithibitisha kuwa pumzi tuitoayo, yenye oksijeni kadiri ya asilimia 16, yamtosha aliyekata pumzi. Safar alibuni pia mpira uliopinda mfano wa herufi S, ili vinywa visigusane. Leo iko barakoa ya kuokolea, yenye kilango kipitishacho pumzi upande mmoja tu: yako humfikia mgonjwa, yake haikurudii.

Matumizi yake ni haya. Mlaze mtu chali, inua kidevu, kichwa kielekee nyuma. Weka ncha nyembamba ya barakoa juu ya pua, ukaze kingo zake hewa isivuje. Puliza kwa muda wa sekunde moja hadi kifua kiinuke. Kisipoinuka, rekebisha kichwa, usipulize kwa nguvu, kwani hewa itaingia tumboni naye atatapika. Kila pumzi 2 zifuatwe na migandamizo 30 ya kifua, kwa mwendo wa 100 hadi 120 kwa dakika. Ukimaliza, tupa kilango na unawe kwa sabuni. Wala ncha ya kanga si badala yake: nguo haizuii vijidudu, tena huzuia hewa.

Twawaomba wazazi na walimu wa madrasa waifunze kazi hii kwa wajuzi wake, na barakoa iwekwe garini na msikitini. Lakini mwenye kuikosa asisimame akiitafuta. Aliyezama amepungukiwa na pumzi, nasi tunayo. Kinga imewekwa ili tumsogelee ndugu yetu bila ya woga, si ili tumwache.