Badilisha, Mwanangu

Baada ya arobaini ya fundi wangu, wanawe waliniletea mizani yake. Kisanduku cha mbao cha kuingia mfuko wa koti. Ndani ufito wa chuma, vitanga viwili vya shaba vyenye nyuzi, mawe ya tola na ya gramu, na mbegu za turituri, nyekundu zenye jicho jeusi, ambazo masonara wa zamani walipimia vipande vidogo.

Mimi ni mtoto wa Tongoni. Baba alivua, nami nilichunga mbuzi kando ya msikiti wa kale na makaburi yake ya nguzo. Nikahitimu chuoni, nikapelekwa Ngamiani, Tanga mjini, kujifunza usonara.

Fundi hakuanza na moto wala tupa. Alianza na kupima. Funga dirisha, upepo wa kusi usiingie. Shika mizani kwa uzi, mwenye dhahabu akiona. Ukishapima, badilisha: dhahabu iende kitanga cha mawe, mawe yaende kitanga cha dhahabu. Visipolingana tena, upande mmoja wa ufito ni mrefu kuliko mwenzake, na hapo mawe yawe sahihi namna gani hayatakusaidia.

Mwanafunzi mwenzangu alishikilia kwamba kubadilisha humtia mteja shaka. Alifungua duka lake, akapata mali, na mpaka leo anashikilia hivyo. Amekosea.

Nayajua haya kwa sababu mizani iliniponyoka mkononi. Ufito ukapinda, nikaunyoosha kwa vidole, nikanyamaza. Siku mbili nilipima bila kubadilisha, maana nilijua nitakachokiona. Siku ya tatu fundi alitoa rupia ya fedha ya Mjerumani, isiyochakaa, ambayo uzito wake ni tola moja, gramu 11.66. Kwenye kitanga cha kushoto ilikuwa 11.4, kwenye cha kulia, 11.9. Dhahabu za watu nilizitia kushoto.

Hakunigombeza. Aliuliza tu ni nani waliouza. Mmoja alikuwa mjane wa kwetu, aliyeuza bangili zake amalize deni la marehemu mumewe. Fundi akahesabu kilichopunjwa, akanikabidhi. "Mpelekee mwenyewe. Kwa miguu."

Masonara vijana, mizani yenu ya betri nayo hukosea. Meza ikiinama, feni ikipuliza, namba hubadilika. Kila asubuhi ipimieni jiwe mnalolijua uzito wake, na mteja akitaka kuona, pimeni tena. Anayewaletea bangili mara nyingi ana msiba au mgonjwa nyumbani. Robo gramu yake ni unga wa watoto.

Nilifika Tongoni jua likizama. Nikamwamkia yule mjane shikamoo, nikamweleza yote. Alizihesabu zile fedha polepole, akazifunga pembeni mwa kanga, akanikaribisha maji.

Mwaka uliofuata alikuja dukani na kipini cha dhahabu. Nikafunga dirisha, nikapima. Sijafungua kinywa kutaja bei, akasema: "Badilisha, mwanangu."