Nyumba Isiyo na Moshi

Msomaji mpenzi, nchi ya Wagusii, ambayo leo ni kaunti za Kisii na Nyamira, ni nchi ya vilima na mvua. Mvua yake hupita milimita 1,500 kwa mwaka. Mtu ajengaye katika nchi kama hiyo hana budi kufikiri paa kwanza na ukuta baadaye. Nataka kukusimulia habari za paa moja la nyasi, jinsi nilivyoliacha lianguke na jinsi nilivyojaribu kulirudisha. Masimulizi haya si ya kujisifu. Sehemu yake kubwa ni ya kuungama.

Nyumba yenyewe ilikuwa ya nyanya yangu, ambaye sisi wajukuu tulimwita Magokoro. Ilisimama upande wa Nyamira, mahali ambapo miamba ya Manga huonekana asubuhi kama ukuta uliojengwa na majitu. Ilikuwa nyumba ya mviringo, isiyo na dirisha, kama Wagusii walivyojenga tangu kale: kiambaza cha fito na udongo, na paa la nyasi lililochongoka juu. Ndani, mume alikuwa na sehemu yake ya kupokea wageni, iitwayo eero, na mke alikuwa na sehemu yake yenye jiko. Juu ya jiko palikuwa na dari ya kuwekea nafaka. Moshi ulipanda darini, ukakausha wimbi, ukapenya katika nyasi na kutokea nje polepole. Mgeni aliyetazama kutoka mbali angedhani kwamba nyumba inaungua. Kumbe moshi ule ndio ulioilinda, kwa kuwa uliwafukuza wadudu na kuzikausha nyasi zilizonyeshewa.

Nilipokuwa katika kidato cha pili, nyanya aliniomba wakati wa likizo niende naye bondeni kukata nyasi za kuziba mahali palipovuja. Nilimjibu kwamba mwanafunzi wa sekondari habebi nyasi kichwani. Hakunikemea. Alichukua mundu wake akaenda peke yake, akarudi jioni na tita lililomfunika uso. Jibu lile nimelibeba miaka mingi, nalo ni zito kuliko tita lake.

Nyanya alipofariki, moto wa jikoni ulizimika. Hatukuibomoa nyumba, tuliiacha tu. Bila moshi, wadudu walihamia, nyasi zikaota ukungu, na mchwa wakapanda katika nguzo. Baada ya miaka mitatu paa lilikuwa limeinama upande mmoja kama kofia ya mlevi. Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi hatukuziba ufa, na ukuta tulikuwa hatujui kuujenga.

Jamaa zangu walinishauri kuweka mabati. Ushauri wao haukuwa wa kipumbavu. Bati haliwaki moto kama nyasi, halihitaji kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na hukinga maji safi ya mvua. Mimi mwenyewe hulala chini ya mabati, wala sitakudanganya kwamba nyasi zinamfaa kila mtu. Lakini nilitaka nyumba ile moja isimame tena kama nyanya alivyoiacha, nikadhani kwamba fedha nilizoziweka zitatosha kuisimamisha. Nilikosea.

Shida ya kwanza ilikuwa nyasi. Katika bonde alimokuwa akikata nyanya tulikuwa tumepanda mikaratusi, kwa sababu nguzo zake huuzika upesi. Mikaratusi ilinywa maji ya bonde, na nyasi zikatoweka. Huko vilimani, mashamba yamegawanywa kwa wana na wajukuu mpaka kila kipande kimebanwa na chai, mahindi au migomba. Tulizinunua nyasi mbali, zikaletwa kwa lori. Kitu alichokipata nyanya kwa mundu na shingo yake, mimi nilikipata kwa mkopo.

Shida ya pili, iliyo kubwa zaidi, ilikuwa mtu wa kuezeka. Tuliulizia kijiji kwa kijiji tukatajiwa mzee mmoja, ambaye macho yake yalikuwa yamefifia. Nilimwendea kwa unyenyekevu.

"Tata," nilimwambia, "nimekuja kukuomba unisaidie kuezeka nyumba ya Magokoro."

"Mwanangu," alinijibu, "nilipokuwa na macho hukuja. Sasa umekuja nami nimebakiwa na viganja. Basi leta macho yako, mimi nitaleta viganja vyangu."

Tukaita risaga. Hiyo ni desturi ya zamani ya Wagusii: mwenye kazi kubwa huwaita majirani, nao huja siku moja kumfanyia kazi, naye huwaandalia chakula na kinywaji. Wanaume walichimba mashimo na kusimamisha nguzo, wakazifunga fito kwa kamba za magome ya miti. Vijana walikanyaga udongo kwa miguu mpaka ukalainika. Wanawake wakakandika kiambaza, kisha wakakisiriba kwa udongo uliochanganywa na samadi ya ng'ombe ili usipasuke ukikauka.

Kazi ya paa ilianzia chini, kwenye upenu, ikapanda kwenda kileleni. Mzee alisimama chini akipapasa kila tita alilolifikia. Juu, asipofika mkono wake, palikuwa pangu. Nikafanya haraka, kwa sababu mawingu yalikuwa yakikusanyika na watu wakinitazama. Jioni paa lilipendeza kabisa, nami nikapigiwa vigelegele.

Usiku mvua ikanyesha, na maji yakaingia kama katika chujio. Asubuhi mzee aliletwa ndani. Aliomba kamba moja ya darini ishushwe, akaishika, akaipapasa kutoka ncha hadi ncha.

"Maji hayakupita katika nyasi," alisema. "Yamepita katika fundo lako. Tita la juu lazima lilifunike fundo la tita la chini. Fundo likiachwa wazi, maji hulifuata kama mtu afuatavyo njia."

Tukaezua nusu ya paa, tukaanza upya. Safari hii nilikwenda polepole, fundo kwa fundo, na kila fundo nikalifunika. Msomaji, nilikuwa nimesoma vitabu vingi, lakini hakuna kilichonifundisha jambo lile. Lilikuwa limewekwa katika kiganja cha mzee mmoja, na lingeweza kuzikwa pamoja naye.

Usidhani kwamba hatari hiyo ni ya kijijini kwetu tu. Mwezi wa Machi mwaka 2010, moto uliteketeza nyumba kuu ya makaburi ya Kasubi katika mji wa Kampala, walimozikwa wafalme wanne wa Buganda. Ilikuwa nyumba kubwa ya nyasi, ambayo ndani ya paa lake mna pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Waganda, na kazi ya kuiezeka ni ya ukoo wa Ngeye tangu zamani. Kuirudisha kulichukua zaidi ya miaka kumi, na ni mwaka 2023 tu ndipo makaburi hayo yalipotolewa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Wajapani nao wana hekalu la Ise, ambalo hulijenga upya kwa miti mipya kila baada ya miaka 20. Mara ya mwisho ilikuwa mwaka 2013. Hivyo seremala kijana hujenga pamoja na mzee, na akizeeka hujenga pamoja na kijana mwingine. Miti huoza, ufundi hukaa.

Wagusii tuna mfano wa kinyume. Zamani vijana wapiganaji walikaa katika makambi ya ng'ombe yaitwayo ebisarate. Waingereza waliyapiga marufuku mwaka 1913. Waliojua kuyajenga walizeeka bila wanafunzi, na leo tunayajua kwa masimulizi tu.

Yule mzee hayupo tena duniani. Nyumba ya nyanya ingalipo. Kila likizo tunawasha moto jikoni ili moshi upande darini, na kabla ya mvua kubwa wanangu hupanda pamoja nami kutazama mafundo. Katika pembe ya bonde tumeng'oa mikaratusi michache, na nyasi zimeanza kurudi.

Nawe, kijana usomaye maneno haya, bila shaka una nyanya au babu, au jirani mwenye nywele nyeupe. Likizo itakapofika, mwulize mikono yake inajua nini. Akikuomba umbebee tita, libebe. Mimi nilikataa mara moja tu, na tangu siku ile hakuniomba tena.