Ng'ombe Niliyempa Alama 2

Mwaka wa kwanza chuoni ng'ombe tulimsoma kwa mikono. Unasimama ubavuni mwake, unapapasa uti wa mgongo, mbavu na mifupa ya nyonga, unamalizia kwenye shina la mkia, kisha unatoa alama. 1 ni mifupa mitupu, 5 ni mnene kupita kiasi. Unamfungua mdomo uhesabu meno ya mbele. Yote manane yako kwenye taya la chini, juu hana hata moja. Kilo tulizikadiria kwa utepe uliozungushwa kifuani, nyuma ya miguu ya mbele. Mpaka leo utepe nauamini kuliko macho yangu, maana mnadani nimewahi kudanganywa na maksai aliyelambishwa chumvi na kunyweshwa maji hadi tumbo likawa ngoma.

Somo la wanyamapori nililiona la kujazia ratiba. Nyati hapapaswi. Unakaa mbali na darubini, unamtazama matako: yakiwa ya mviringo, ana hali nzuri, yakibonyea, ana njaa. Nilipata alama za kupitia tu, nikalisahau.

Mafunzo kwa vitendo yalinipeleka Ngorongoro, mwezi wa Februari. Kwenye boma moja nilipapasa ng'ombe kumi na mmoja, karibu wote nikawapa 2. Kwenye fomu, sehemu ya ushauri, nikaandika kwa kujiamini: wahamishiwe malisho bora. Nikamsomea mzee mwenye boma.

"Hayo malisho bora unayajua yaliko, bwana mifugo?"

Akanyoosha fimbo kuelekea nyanda za chini, upande wa Ndutu. Kule majani ni mafupi, laini, yenye madini, na ng'ombe wake wanayapenda. Lakini kuanzia Januari hadi Machi nyumbu wanazalia hukohuko. Ndama wa nyumbu hubeba kirusi kisichomdhuru yeye, akakimwaga kwa makamasi na machozi katika miezi yake ya mwanzo. Ng'ombe akikipata, homa inampanda, macho yanaingia ukungu, na hakuna dawa ya kumponya. Ndiyo maana mzee alikuwa amewapandisha ng'ombe milimani, kwenye majani magumu na kupe tele. Wamekonda kwa sababu aliamua wakonde.

Yote hayo nilikuwa nimefundishwa. Kirusi nilikisoma kwenye daftari la magonjwa, mazalio ya nyumbu kwenye daftari la wanyamapori, na madaftari hayo mawili hayakuwa yamewahi kukutana kichwani mwangu.

"Shikamoo tena, mzee," nikasema. Akacheka. Nikamuuliza, angekuwa yeye, ng'ombe mmoja mwekundu niliyempa 2 angempa ngapi.

"Yu hai," akajibu, akaenda kufungulia ndama.

Fomu haikuwa na nafasi ya nyumbu. Nikafuta ushauri wangu, nikaandika pembeni kwa penseli: warudi nyandani ndama wa nyumbu wakishakua. Fomu iliporudi kutoka kwa mkufunzi, hapo pembeni palikuwa na alama ya kuuliza, ya wino mwekundu.