Madaftari Mawili ya Katumba

Katika Katumba nilimokulia, makazi yaliyofunguliwa mwaka 1973 kwa ajili ya watu walioyakimbia mauaji ya Burundi ya mwaka uliotangulia, jina la mtu liliandikwa mara mbili: kwanza kwa penseli katika daftari la rasimu, ambalo karani alizunguka nalo vijijini, kisha kwa wino katika daftari kuu lililofungiwa kabatini, baada ya kiongozi wa kijiji kulisoma mstari kwa mstari na kutia sahihi. Mjomba wangu alikuwa mmoja wa makarani hao, naye hakumruhusu mtu yeyote kuugusa ukurasa wa wino kabla ule wa penseli haujasomwa mbele ya mwenye jina. Hadhari hiyo haikuwa ya bure, kwa kuwa jina kama Ndayishimiye, likisikiwa na sikio lisilokizoea Kirundi, liliweza kuandikwa kwa namna tatu katika juma moja, na mtoto mmoja akahesabiwa watatu.

Thamani ya wino ilidhihirika baadaye, wakati watu zaidi ya 160,000 wa makazi ya Katumba, Mishamo na Ulyankulu walipokubaliwa uraia wa Tanzania na vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Maana aghalabu herufi moja iliyozidi hugeuka safari ya kwenda kuapa mbele ya hakimu.

Nilipopewa kazi ya kutunza orodha ya wanachama wa chama cha msingi cha wakulima, madaftari yalikuwa yamekwisha kuhamia kompyutani, katika jedwali moja lenye safu ya kuonyesha kama habari ni rasimu au ni rasmi. Kwa rai yangu hapo tulirudi nyuma. Kila aliyeitaka orodha alilazimika kukumbuka kuchuja, na asipokumbuka, rasimu na rasmi zilitoka zimechanganyika; msimu mmoja orodha ya mbolea ilibandikwa ukutani ikiwa na watu ambao hakuna aliyewahakiki, na wazee waliosubiri tangu alfajiri wakaambiwa mifuko imekwisha.

Kisha tukahamia CouchDB, hifadhidata ya nyaraka, ambamo kila mkulima ana waraka wake, na mwenye shamba moja la mahindi habanwi katika umbo la mwenye mashamba matatu ya tumbaku. Tuliipenda kwa sababu umeme wa mji wa Mpanda wakati huo ulikuwa wa jenereta na mtandao ulikatika mara kwa mara: kompyuta ya Katumba iliandika peke yake, na mawasiliano yaliporejea ikanakili kwenda Mpanda yale tu yaliyobadilika. Lakini alama ya rasimu tuliihamisha nayo, ikabaki ndani ya waraka, na hatari ikawa ile ile.

Dawa ilikuwa kutenga hazina mbili kamili, yaani hifadhidata mbili, moja ya matayarisho na moja rasmi, kila moja na orodha yake ya wenye ruhusa. Waraka uliohakikiwa hunakiliwa kwenda hazina rasmi ukiwa na kitambulisho kile kile, hivyo deni la mbolea lililofungamanishwa nao halipotei njiani. Na hazina rasmi yenyewe imewekewa kanuni ya kuukataa waraka wowote usio na jina la aliyeidhinisha. Wapo wasemao kwamba hazina mbili hatimaye hutofautiana. Ni kweli, ikiwa mtu ataruhusiwa kusahihisha moja kwa moja katika ile rasmi. Kwetu kila sahihisho, hata la herufi moja, huanzia katika matayarisho na kusomwa upya mbele ya mwenye jina, kama alivyotaka mjomba.

Basi, ndugu makarani wa vyama na vijiji, mnaoandika majina ya watu katika mashine hizi, nawasihi mtenge hazina mbili tangu siku ya kwanza, na ufunguo wa ile rasmi asikabidhiwe yule yule aandikaye rasimu.