Namna gani ndege ya maji inatoka majini



Tumechoka kusikia ya kwamba fizike ni mambo ya mbali. Sikilizeni habari ya Faradje, kule Uele, katika inchi yetu wenyewe.

Tarehe 14 Machi 1939, ndege ya maji ya Waingereza, jina lake Corsair, ilipotea njia kati ya Uganda na Juba. Esanse ikawa karibu kuisha, ikatua juu ya mto Dungu, na mwamba ukaitoboa. Ilikuwa na urefu wa mita 27 hivi na moteri 4. Kutua iliweza. Kutoka je?

Mtu atasema: waongeze nguvu ya moteri tu! Haitoshi. Mwanzoni tumbo la ndege linaelea kama mtumbwi. Moteri zikivuta, pua inainuka, mkia unazama, na maji yanazuia sana, ni kama kupanda kilima. Ndege ikishinda kilima kile, inateleza juu ya maji, sawa na jiwe bapa ambalo watoto wanarusha ziwani. Ukirusha jiwe lile likielekea chini, linazama mara moja.

Tumbo la ndege ni vilevile. Pua ikiwa chini mno, maji yanalishika. Pua ikiwa juu mno, mkia unakokota majini. Pande zote mbili ndege inaweza kuanza kurukaruka kama chura, na hiyo ni hatari. Pembe nzuri ni digrii chache tu. Kwa sababu hiyo mafundi wanakata kidato chini ya tumbo, na nyuma ya kidato wanalipandisha kuelekea mkia. Hewa inaingia pale, maji yanaachilia, na piloti anapata nafasi ya kuinua pua.

Juu ya ziwa kubwa, pembe mbaya inapoteza mita tu. Juu ya mto mwembamba hakuna mita za kupoteza. Corsair ilijaribu kuruka, ikagonga mwamba tena. Ndipo mto ukazibwa kwa ukuta, kwa mikono ya watu wa pale, maji yakapanda, na Januari 1940 ikaruka. Majina ya watu wale hatukufundishwa, lakini bila wao moteri 4 zingenguruma bure.

Basi, wadogo wetu, mwalimu akichora pembe ubaoni, msiseme ni ya mtihani tu. Nguvu bila pembe ni kelele na povu.

Kwa niaba ya mwaka wa sita,
Prefe wa wanafunzi